Somo: Umetoka wodini baada ya upasuaji wa ngiri, uko nyumbani Kisumu

Nimekuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji miaka mingi. Wengi wanaorudishwa kwetu na kidonda kilichooza wana kisa kimoja: homa ilipanda, wakanunua dawa ya malaria dukani, wakalala siku tatu wakingoja ipoe.

Ngiri ya kinena hutokea utumbo au mafuta ya tumboni yanapopenya penye udhaifu katika ukuta wa tumbo. Kubeba magunia sokoni Kibuye, kikohozi cha muda mrefu, choo kigumu, mzee anayejikamua akikojoa: vyote husukuma. Daktari hurudisha kilichotoka na kushona, mara nyingi akiweka wavu wa kuimarisha ukuta huo.

Hatua ya 1: Safari. Panda gari, keti mbele ukishikilia mto mdogo juu ya kidonda. Boda usipande, hata ile ya kutoka stejini hadi mlangoni.

Hatua ya 2: Tembea siku hiyo hiyo, polepole, ndani ya boma. Kulala tu huleta damu kuganda miguuni.

Hatua ya 3: Meza dawa kwa saa, usingoje uchungu ukushinde. Kwa mtu mzima, parasetamoli ni vidonge 2 vya mg 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo asijinunulie ibuprofeni.

Hatua ya 4: Kidonda kiwe kikavu. Nawa kwa sabuni kabla ya kukigusa. Usipake majivu, chumvi wala spiriti, na tafadhali acheni kufungua kapsuli na kunyunyiza ule unga. Ziwani usiingie.

Hatua ya 5: Kunywa maji, kula mboga na matunda ili usikaze choo. Ukikohoa, bana kidonda kwa mto.

Hatua ya 6: Wiki 6 usinyanyue kinachozidi kilo 5. Jerikeni la lita 20 ni kilo 20, hesabu mwenyewe.

Sasa turudi kwenye homa. Ukanda wetu wa ziwa una malaria kuliko kwingine kote Kenya, ndiyo maana kila joto la mwili tunalipa jina hilo. Ukifika nyuzi joto 38 baada ya upasuaji, nenda upimwe malaria na kidonda kifunguliwe bandeji kitazamwe. Hata kipimo kikionyesha malaria, kidonda kitazamwe tu, kwani vyote viwili vyaweza kukupata pamoja. Usaha, harufu, wekundu au joto linaloenea, kutapika huku tumbo likijaa, kushindwa kukojoa, mguu mmoja kuvimba au pumzi kukatika: usilale nayo, nenda usiku huo huo.

MASWALI

Kutoka Nyalenda: Sista, siku ya tatu leo, korodani zimevimba na kuwa nyeusi. Nimeharibika?
Jibu: Hapana, mara nyingi ni damu iliyoteremka chini ya ngozi. Vaa chupi inayobana kiasi. Uvimbe ukizidi kukua, au uchungu ukiongezeka, njoo.

Kutoka Ahero: Mama mkwe amekataza mume wangu samaki na mayai, eti kidonda kitatoa usaha. Nifanyeje?
Jibu: Usibishane na mama. Mwambie kwa heshima kwamba sista ameagiza mgonjwa ale. Samaki, omena, mayai na maharagwe ndivyo vinavyojenga nyama mpya. Akiona kidonda kinafunga, atanyamaza.

Kutoka Kondele: Mimi ni wa boda. Nirudi barabarani lini?
Jibu: Kazi ya kuketi, wiki 1 au 2. Boda ina mashimo, mizigo na kukanyaga breki ghafla, kwa hiyo ngoja daktari akuone kliniki. Najua mwenye pikipiki anadai hela yake ya kila siku. Mwonyeshe karatasi ya hospitali.

Kutoka Maseno: Nyuzi hutolewa lini?
Jibu: Kwa kawaida kati ya siku ya 7 na ya 14. Nyingine huyeyuka zenyewe, soma karatasi uliyopewa.

Maseno tena: Nikizitoa mwenyewe kwa wembe mpya?
Jibu: Wembe huo nyoa ndevu.