Jinsi ya kutengeneza shabaha ya mishale nyumbani

Shabaha za dukani bei zake zinatisha, wakati gunia la salfeti la kilo 100 na matambara yanatosha kabisa. Nguo zilizochakaa, mapazia, manailoni, jaza tu, ila ng'oa zipu na vifungo vya chuma kwanza maana mshale ukigonga chuma unaharibika, halafu kila ukijaza kidogo panda juu ukanyage mpaka ishindiliwe kwelikweli, ikibaki laini mishale itatokea upande wa pili. Mchanga usiweke! Shona mdomo kwa sindano ya magunia, litundike kwenye fremu ya mbao, likibembea kidogo ni sawa.

Kama una maboksi mengi, yakate vipande sawasawa, yapange kwa kulaliana, yabane kwa mbao mbili na kamba, afu piga ule upande wa kingo, mshale unapenya katikati ya tabaka na msuguano ndo unaushika. Pakilegea unakaza kamba tena.

Sasa nyuma, hapa watu wengi wanapuuzia. Tundika zulia kuukuu, liwe pana kuliko shabaha, na LISIVUTWE likakaza, likining'inia huru linameza nguvu ya mshale, likikazwa linatobolewa. Nyuma yake tena pawe na tuta la udongo, na pasiwe na njia ya watu wala mbuzi wa jirani. Fensi ya mabati si kizuizi, na vyembe vipana vya kuwindia usitumie hapa, vinachana gunia lote.

Kuhusu duara la kulenga, ukipiga kutoka mita 18 tumia karatasi yenye duara la upana wa sentimita 40, njano katikati.