Kupasua mbao kwa chenso kutoka magogo yaliyoanguka mtaani

Wakuu, mti ukiangushwa na upepo huku kwetu Mwanza, iwe Nyegezi, Igoma au kule juu Bugando, mara nyingi unaishia mkaa au kuni za kuchomea tofali, na unakuta ni mwembe au jakaranda nene linalotoa meza ya maana kabisa. Ukiwa na chenso (msumeno wa mnyororo) yenye nguvu na fremu ya kupasulia, yaani chuma kinachofungwa kwenye chenso ili mbao zitoke unene sawa, mbao unazitoa pale pale gogo lilipolala.

Kwanza malizana na mwenye mti na serikali ya mtaa, na kama mzigo utapita barabarani nenda TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) ukaulizie kibali cha kusafirisha, usisubiri mpaka ufike kizuizini ndo uanze kujieleza.

Chenso ndogo ya kukatia matawi itakufa mapema. Anzia injini ya 70cc kwenda juu, gogo likizidi futi mbili upana tafuta 90cc. Mnyororo wa kawaida unanolewa nyuzi 30 hivi kwa ajili ya kukata gogo vipande, wa kupasulia ni kama nyuzi 10, huo ndo unatoa uso laini. Kuchanganya petroli na oili ya 2T (ya injini za mipigo miwili) fuata kitabu cha mashine, nyingi ni moja kwa hamsini yaani 20ml kwa lita. Halafu hii tabia ya kulainisha mnyororo na oili chafu ya gari mi siikubali, ina vumbi la chuma na inaziba pampu.

Sasa misumari. Mti wa mtaani umebeba kila kitu, matangazo ya waganga, vyumba vya kupanga, waya wa kuanikia nguo, na msumari wa zamani unakuwa umeshamezwa na gome huuoni. Menya gome lote, pitisha sumaku ya spika mbovu taratibu, na uangalie ncha za gogo, ukiona doa jeusi la bluu ujue kuna chuma jirani. Gogo lililookotwa ufukweni lioshe kabisa, mchanga unaua makali haraka.

Kata ya kwanza ndo inaamua kila kitu, maana zote zinazofuata zinaiga ile. Kaza gogo kwa kabari pande zote lisigeuke, halafu juu yake funga kwa skrubu mbao mbili za 2x4 (inchi mbili kwa nne) zilizonyooka au ngazi ya alumini, pima maji iwekwe mwanzo, kati na mwisho, ikikaa sawa ncha moja tu gogo zima litatoka limejipinda. Skrubu zisishuke mpaka usawa mnyororo utakapopita, hesabu kabla hujawasha. Banzi la juu likishatoka, ngazi haina kazi tena, fremu inatembea juu ya ule uso bapa.

Washa, peleka mafuta mpaka mwisho, sukuma kwa uzito wa mwili tu bila kulazimisha. Ukisogea kama futi mbili gonga kabari nyuma ya mnyororo ili mwanya usijifunge. Ikianza kutoa vumbi laini badala ya chembe za mbao, simama upige tupa. Kabla ya kuzima iache iungurume taratibu dakika moja ipoe. Miwani, kizuia masikio, barakoa na gambuti si urembo, na usifanye peke yako. Kila kata inakula karibu sentimita moja ya mbao, kwa hiyo kupasua vimbao vyembamba ni hasara, toa inchi mbili mbili.

Siku hiyo hiyo paka rangi ya mafuta kwenye ncha, zisipasuke na upepo wa kiangazi. Panga juu ya mawe yaliyosawazishwa, Mwanza mawe si tatizo, kati ya mbao na mbao weka vijiti vya inchi moja, kila kijiti juu ya mwenzake, juu kabisa bati na mawe mazito, turubai achana nalo linafungia unyevu. Mafundi huhesabu mwaka kwa kila inchi ya unene. Mwembe bungua wanaupenda sana, upake dawa ya wadudu wa mbao kabla ya kupanga, na ukiona unga laini unadondoka chini ya ubao, utoe huo ubao pembeni haraka kabla hawajahamia kwa jirani.