Kupima pembe kwa protrakta bila kuchanganya namba

Kabla hujashika protrakta elewa hili kwanza, pembe ni kiasi cha kugeuka, yani mkono mmoja (mstari mmoja wa ile pembe) umegeuka kiasi gani kutoka kwa mwenzake, na pale mikono inapokutana ndo kipeo. Sio urefu wa mistari!! Wanafunzi wengi wakiona mistari mirefu wanasema hii pembe kubwa, hapana. Chora pembe yenye mikono ya sentimita 3, pima, alafu irefushe kwa rula mpaka sentimita 10 upime tena, nyuzi (ndo kipimo cha pembe) ni zilezile. Fanya kweli, usisome tu.

Ukizunguka mpaka ulipoanzia ni nyuzi 360, nusu yake 180 (mstari ulionyooka), robo 90 ambayo ndo pembe mraba, kama kona ya daftari. Chini ya 90 pembe kali, kati ya 90 na 180 pembe butu.

Haya tupime. Ile alama ya katikati ya protrakta ikae juu ya kipeo kabisa, na mstari wa sifuri ulale juu ya mkono mmoja. Nimesema mstari wa sifuri, sio ukingo wa plastiki, maana protrakta nyingi mstari uko juu kidogo ya ukingo na ukitumia ukingo jibu linakuja limepotoka. Sasa kuna safu mbili za namba, moja inaanzia kulia nyingine kushoto, na hapa ndo mtu anaandika 130 badala ya 50. Wewe anzia kwenye sifuri iliyo juu ya mkono wako, hesabu 0, 10, 20 mpaka ufike mkono wa pili, usihamie safu nyingine njiani. Pia jiulize kwanza, hii imezidi kona ya daftari au haijafika? Kama haijafika basi 130 haiwezekani.

Pembe ikizidi 180 pima upande wake mdogo alafu toa kwenye 360, mfano upande mdogo ni 70, kubwa ni 290.

Unataka kujihakiki? Chora pembetatu yoyote, pima pembe zote tatu ujumlishe, lazima ije 180, ikija 179 au 181 ni unene wa penseli tu wala usihangaike. Ila ikija kama 230 hivi rudi uangalie, kuna pembe ya 65 umeisomea safu ya pili ukaandika 115.