Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kurekodi Video za Rejea kwa Wachoraji

Mchoraji haitazami video ya rejea, yaani ile anayoitumia kama kielelezo cha kuchora, kama mtazamaji wa kawaida, kwani huisimamisha, huirudisha nyuma na kuichunguza fremu (picha tuli zinazounda video) moja baada ya nyingine, akitafuta mguu uliobeba uzito, bega lililoshuka au kope zilizoanza kukaza. Kwa hiyo, maandalizi yote yalenge jambo moja: fremu yoyote itakayosimamishwa iweze kuchoreka.

Kinachoharibu video nyingi za aina hii ni ukungu wa mwendo, yaani kitu kinachosogea kuonekana kimefifia. Watu huongeza idadi ya fremu kutoka 24 hadi 60 kwa sekunde, kisha wakashangaa kuona kiganja bado hakina vidole, ilhali tatizo liko kwenye shata, sehemu ya kamera inayoamua mwanga uingie kwa muda gani. Shata ikikaa wazi kwa 1/60 ya sekunde, mkono unaopita haraka utaacha alama iliyofifia tu. Kwa 1/500 utaonekana umeganda. Mwaka 1878, mpiga picha Eadweard Muybridge alipopiga picha za farasi akikimbia huko Palo Alto, California, alitegemea shata za kasi na mandhari nyeupe ya nyuma ili miguu ionekane wazi, na kanuni hiyo haijabadilika. Shata ya kasi huhitaji mwanga mwingi, na baadhi ya taa za LED humetameta kwenye video ingawa jicho halioni, hivyo zijaribiwe mapema.

Mwanga wenyewe utoke upande mmoja, juu kidogo ya kichwa, ili vivuli vieleze umbo la shavu, taya na mbavu. Taa ya duara inayowekwa mbele ya uso humpendezesha anayerekodiwa, lakini humnyima mchoraji vivuli anavyovihitaji. Kamera nayo isisogezwe karibu mno, kwa kuwa lenzi pana ya simu ikiwa karibu na uso hukuza pua na kuyafanya masikio yaonekane madogo. Ni bora kusimama mita mbili au tatu na kutumia lenzi ndefu zaidi, yaani inayovuta picha karibu. Kwa mwili mzima, kamera iwe usawa wa kiuno au kifua, na nafasi iachwe pande zote ili mikono na nyayo zisikatwe.

Modeli avae nguo zinazofuata mwili na afunge nywele zinazoficha shingo. La muhimu zaidi, apewe kitu chenye uzito halisi, kisichozidi uwezo wake. Anayeinua sanduku tupu huku akijifanya linamlemea atakunja uso vizuri sana, lakini nyonga zake hazitarudi nyuma, visigino havitakandamiza sakafu, na mchoro utakaotokana na video hiyo utakuwa na kasoro ambayo watu wataihisi bila kuweza kuitaja.

Ishara za uso zinadai uangalifu wa pekee. Mwaka 1862, daktari Mfaransa Duchenne alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba tabasamu la furaha ya kweli hukaza pia misuli inayozunguka macho, si ile ya mdomo peke yake. Ndiyo maana haifai kumwamuru modeli akasirike au afurahi. Aandaliwe hali ya kuiwazia, kisha arekodiwe bila kukatizwa tangu uso umetulia, hisia ikipanda, ikifika kileleni, hadi inapofifia. Mara nyingi fremu zenye thamani ni zile za mwanzo, nyusi zikiwa zimeshaanza kusogea na mdomo bado umetulia.

Ridhaa ya modeli iandikwe kabla ya kurekodi, ikitaja wazi nani atatumia video hizo na iwapo michoro itauzwa. Modeli akiwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye atie saini.

Vifaa vikishapangwa, irekodiwe video fupi ya majaribio, isimamishwe popote, kisha mtu ajaribu kuichora kwa haraka. Akishindwa kuona kiwiko kimekunjika kuelekea wapi, taa ihamishwe kabla modeli hajaanza kuchoka.