Somo: kunukiza ufuta kwa asumini, bila moto, tupate mafuta ya kujipaka

Kilua nakipenda, udi nauweka kwa ajili ya wageni, lakini asumini ndiyo hunirudisha Mikindani kwa bibi, shada limelazwa juu ya mto wa kulalia. Tatizo lake haitaki moto: ukiichemsha unapata harufu ya mchicha. Basi mimi huilaza na ufuta, zao letu la Mtwara na Lindi. Karibu nusu ya punje ni mafuta, na mafuta hunyonya harufu. Wahindi wameifanya kazi hii tangu zamani.

Hatua ya 1. Chukua vikombe 4 vya ufuta usiokaangwa. Loweka, sugua maganda yatoke, suuza, anika hadi ukiumwaga kwenye sinia ulie kama mchanga mkavu.

Hatua ya 2. Chuma asumini magharibi, zikiwa bado tumba. Hata ikishachumwa, asumini huendelea kutoa harufu usiku kucha, na hiyo ndiyo tunayoitega. Usizioshe. Mwaka wangu wa kwanza nilichuma baada ya mvua, ufuta ukaota ukungu, nikamwaga sinia zima. Niliumia sana.

Hatua ya 3. Tandaza ufuta, kisha maua, kisha ufuta tena. Funika kwa kitambaa cha pamba. Asubuhi pepeta, tupa maua yaliyonyauka. Jioni weka mapya. Fanya hivyo siku 7. Siku ya pili hutanusa kitu, usikate tamaa. Siku ya nne saga punje chache kwa vidole, utaisikia.

Hatua ya 4. Kamua mafuta ya ufuta huo kwa mashine ya mkono bila maji, acha yatuame, chuja, tia kwenye chupa ya rangi.

Maswali ya wanachama

Dada, nina mafuta ya nazi tu, yanafaa?
Yanafaa, mwenzangu. Lowekea maua humo humo. Ila kipupwe kikiingia yataganda. Nazi huganda kwenye nyuzi 24 hivi.

Nikiongeza mafuta ya maganda ya ndimu?
Usipake ukienda juani. Huunguza ngozi na kuacha mabaka meusi.

Mbona harufu ya mafuta yangu haifiki jioni?
Asumini ni harufu ya kati, yaani haidumu kama zile nzito, inataka kitu kizito cha kuishika. Tia matone machache ya mafuta ya sandali, tikisa, iache wiki mbili kabla hujaipaka.