Jiko la mkaa likikolea ndo usiliingize ndani kabisa
Wale wa Njombe, Arusha na Limuru huko, baridi ikianza najua jiko linahamia sebuleni, sasa sikieni, mkaa ukishakuwa mwekundu hauna moshi watu wanaona hapo ni salama, kumbe bado unatoa kabonimonoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi, kichwa kinauma, kichefuchefu, we unawaza malaria. Na hivi vimita vya hewa vinavyouzwa mtandaoni soma maelezo kwanza, vingi vinapima vumbi laini la PM2.5 tu, hiyo gesi havioni, gesi hiyo ina alamu yake, weka karibu na unapolala ikilia uamke. Ila kimita cha vumbi nacho kina raha yake, choma dawa ya mbu ile ya kuzunguka au fukiza udi madirisha yamefungwa uone namba inavyoruka, na WHO wanataka wastani wa vumbi hilo kwa siku usizidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo. Fungua madirisha yanayotazamana, moja halitoshi, hewa ipate pa kuingilia na pa kutokea. Jiko lenyewe hata madirisha yakiwa wazi usilale nalo, liache nje.