Gofu kando ya bahari: namna ya kuupita upepo

Nimeanza kubeba mikoba ya gofu hapa Tanga nikiwa kijana, na sasa nafundisha. Wachezaji wanaotoka bara, Moshi au Arusha, hufika na mapigo mazuri, halafu upepo wa bahari unawavuruga kabla hawajamaliza mashimo matatu. Nawaandikia wao, pamoja na yeyote anayetamani siku moja kucheza linksi, vile viwanja vya asili vya Uskochi kama St Andrews: ardhi ya kichanga kati ya ufukwe na mashamba, nyasi fupi, udongo mgumu, na miti ya kukinga upepo karibu hakuna.

Hatua ya 1: Usome upepo kabla ya kufungua mkoba

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa mvuvi wa Mwambani kabla ya kushika mikoba. Hakurusha majani hewani kama wengi wanavyofanya. Alitazama vilele vya minazi, kisha tanga la ngalawa iliyo mbali, ndipo akachagua fimbo. Majani yanakuonyesha upepo wa usawa wa kiuno, na mpira wako utapaa juu kuliko mnazi.

Jua pia msimu na saa. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi hushika baadaye, na katikati ya mwaka huwa kali. Alfajiri upepo wa umande hutoka nchi kavu kuelekea baharini, lakini jua likipanda upepo unageuka na kuja kutoka majini. Ukianza saa 12:30 asubuhi, fimbo iliyokufaa shimo la kwanza inaweza isikufae kabisa ukifika la tisa.

Hatua ya 2: Mkoba

Kanuni inaruhusu fimbo zisizozidi 14. Beba taulo mbili, moja ibaki kavu kwa ajili ya mipini tu. Ukimaliza, suuza vichwa vya fimbo kwa maji baridi na uvikaushe, maana chumvi inakula chuma.

Hatua ya 3: Mpira wa chini

Hapa ndipo penye kazi. Upepo ukikukabili, mwili unakuhimiza upige kwa nguvu zaidi. Usifanye hivyo. Pigo la nguvu linauzungusha mpira kinyumenyume zaidi, nao unapanda, unasimama hewani, kisha unaanguka karibu.

"Usishindane nao," mzee alikuwa akisema. "Upite chini ya kwapa."

Fanya hivi, kama unatumia mkono wa kulia. Chukua fimbo yenye namba ndogo zaidi: mahali pa ayoni (fimbo ya kichwa cha chuma) namba 7, shika 5. Shusha mikono kidogo kwenye mpini. Weka mpira nyuma kidogo ya katikati ya miguu, uzito uegemee mguu wa kushoto, mikono itangulie mpira. Rudisha fimbo nusu tu, piga kwa utulivu, na umalizie mikono ikiwa usawa wa kifua. Nilimbebea mgeni aliyepiga ayoni 7 mara mbili kutoka mita 130, na mara zote mbili mpira ukaishia bankani, yaani kwenye shimo la mchanga. Kesho yake, mahali palepale, upepo uleule, nilimpa ayoni 5. Akapiga nusu pigo, mpira ukaenda chini, ukadunda mara mbili na kupanda grini, lile eneo la nyasi fupi sana lenye shimo. Alinigeukia bila kusema neno.

Upepo wa nyuma unasaidia kidogo kuliko ule wa mbele unavyodhuru, lakini mpira hausimami upesi. Uangushe mbele ya grini, uache ukimbie.

Hatua ya 4: Karibu na grini

Udongo wa pwani ukiwa mkavu, viringisha. Ayoni 8 kwa pigo fupi, au hata pata (fimbo ya kuviringishia mpira) kutoka nje ya grini, ina hatari ndogo kuliko kuurusha mpira juu.

Hatua ya 5: Banka na mpira uliopotea

Bankani unaruhusiwa kuondoa jani au kijiti, lakini usiguse mchanga kwa fimbo kuupima, wala unaporudisha fimbo nyuma. Ukitoka, sawazisha kwa reki. Mpira ukipotea, muda wa kuutafuta ni dakika 3 tu.

Hatua ya 6: Kwenye grini

Tanua miguu, maana upepo unausukuma mwili wako pia. Upepo ukiuhamisha mpira ambao hujawahi kuuinua pale, cheza ulipotulia. Kama ulikwisha kuuinua na kuurudisha, urudishe tena mahali pake, bila adhabu.

Mazoezi

Maji yakipwa, nenda ufukweni Raskazone na fimbo moja, bila mpira. Chora mstari kwenye mchanga wenye unyevu, simama kama mpira uko juu yake, piga. Alama ya fimbo ianzie kwenye mstari au mbele yake, kamwe si nyuma. Rudia mpaka upate 20 mfululizo, ndipo uende kupanga muda wa kucheza.